Tulipokwenda Kumtafuta Samaki Mkubwa

Ndugu msomaji, nikikuambia kwamba nyumba ya Kikristo inaweza kuingia katika magomvi kwa sababu ya samaki ambaye bado yuko baharini, huenda utacheka. Mimi pia nilicheka mwanzoni. Lakini Julai ya mwaka 2023, nilipokwenda Kanada kumuuguza mdogo wangu aliyekuwa amejifungua mtoto wa tatu, niliikuta nyumba yake imenyamaza kwa sababu hiyo hiyo.

Mdogo wangu na mumewe wanaishi karibu na jiji la Vancouver, kwenye pwani ya bahari ya Pasifiki. Shemeji yangu ni mtu wa Ukerewe, mtoto wa mvuvi. Mchana hufanya kazi kwenye ghala la mizigo, na jioni mara tatu kwa wiki hufanya usafi wa ofisi. Alikuwa ameweka akiba kwa miaka miwili ili yeye na wenzake wa kazini waende siku nne kwenye hoteli ya wavuvi huko kaskazini, wakamtafute samoni mkubwa wa kupiga naye picha na kuikumbuka maisha yote. Gharama yake ilikuwa sawa na kodi ya nyumba yao ya miezi mitatu.

Usiku mmoja tukiosha vyombo, mdogo wangu aliniambia kwa sauti ya chini, "Dada, sina neno na samaki. Lakini mwanawe ana miaka kumi na tatu, na tangu Pasaka hawajakaa meza moja wakaongea. Akipata siku nne za mapumziko, anazipeleka kwa samaki?"

Hapo nilikosea. Kesho yake, watoto wakiwa mezani, nilimsema shemeji kama ninavyomsema muuguzi mwanafunzi aliyechelewa zamu. Nilimwambia baba mwenye busara hatumbui akiba kwa mchezo. Hakunijibu. Aliinuka taratibu, akavaa koti, akaenda kazini kabla ya saa yake. Siku mbili akawa ananisalimia tu, "Shikamoo shemeji," basi. Mtoto wa kiume alitutazama sote kama watu asiowajua.

Siku ya tatu nilimwomba radhi, na nilifanya hivyo mbele ya watoto, kwani ndipo nilipomkosea. Ndipo aliponieleza. Baba yake alifariki Mei 2020, wakati ndege zilikuwa hazisafiri kwa sababu ya korona. Maziko aliyaona kwenye simu, tena mtandao ukikatika. Huyo mzee ndiye aliyemfundisha kuvua, na kila mara alimwahidi kwamba siku moja watatoka wawili tu kumtafuta samaki mkubwa. "Shemeji," aliniambia, "mimi sitafuti picha. Sijamlilia mzee wangu."

Akina mama, mara ngapi tunapima tamaa za waume zetu kwa bei bila kuuliza zimetoka wapi? Mdogo wangu alilia. Kisha akasema neno ambalo mimi, pamoja na vyeti vyangu, sikulifikiria: "Baba yako alikuchukua wewe. Na wewe mchukue huyu wako. Tutafute mahali ambapo tunaweza kwenda wote."

KUCHAGUA MAHALI

Tulikaa jioni tatu mezani na ramani. Nilijifunza mengi ambayo sikuyajua, nami nayaandika kwa sababu yanamfaa yeyote anayepanga safari ya familia, hata kama si ya samaki.

Kwanza tulijifunza samaki mwenyewe. Pwani ile ina aina tano za samoni wa Pasifiki. Aliye mkubwa kuliko wote huitwa chinook, na watu wa Alaska humwita samoni mfalme. Huzaliwa mtoni, huteremka baharini akiwa mdogo, hukaa huko miaka kadhaa akinenepa, kisha hurudi kwenye mto ule ule alikozaliwa, akiongozwa na harufu ya maji yake. Akishaingia mtoni haendelei kula. Hutaga, kisha hufa. Kwa hiyo mvuvi anayetaka samaki mkubwa humngojea pwani, karibu na midomo ya mito, katika majuma yale machache anaporudi. Ukichelewa mwezi mmoja umekosa mwaka mzima.

Mahali pa kwanza palipotajwa ni mto Kenai huko Alaska. Huko ndiko samoni mzito kuliko wote waliowahi kunaswa kwa fimbo alikopatikana, Mei 1985. Alikuwa na ratili 97 na wakia 4, yaani kilo 44. Shemeji alitingisha kichwa, akasema kwao Ukerewe ameona sangara wa kilo mia moja akibebwa na watu wawili kwa mti. Lakini tuliposoma zaidi tulikuta kwamba samoni mfalme wa Kenai wamepungua sana, na mwaka ule wa 2023 uvuvi wake wa burudani ulifungwa. Tena Alaska ni Marekani, nami viza yangu ilikuwa ya Kanada tu. Tukaifuta.

Pili, ile hoteli aliyokuwa ameitamani. Ilikuwa upande wa Rivers Inlet, ghuba ndefu kwenye pwani ya kati ya jimbo la British Columbia, yenye sifa ya samoni wakubwa tangu zamani. Hakuna barabara ya kufika huko. Unakwenda kwa mashua au kwa ndege ndogo inayotua juu ya maji. Visiwa vya Haida Gwaii, nchi ya watu wa Haida, viko mbali zaidi kaskazini, navyo vina sifa kama hiyo. Hoteli za huko huandaa kila kitu, chakula, mashua na mwongozaji, lakini hulipwa maelfu ya dola kwa kila mtu. Kwa baba na marafiki zake ni sawa. Kwa mama mwenye mtoto wa majuma tisa, na dada mtu anayeogopa ndege ndogo, haikuwezekana.

Tatu, miji ya Ucluelet na Tofino, upande wa magharibi wa Kisiwa cha Vancouver. Barabara ipo, samaki wapo. Lakini huko bahari iko wazi, hakuna kisiwa cha kuzuia mawimbi. Hapo niliingia na sauti ya uuguzi. Mtu ambaye hajawahi kupanda mashua ya bahari kuu huweza kutapika saa tano mfululizo, na mtoto aliyetapika hivyo siku ya kwanza hatataka tena kuiona fimbo ya kuvulia.

Nne ilikuwa Campbell River, mji wa watu elfu 35 hivi, upande wa mashariki wa kisiwa hicho hicho. Unajiita mji mkuu wa samoni duniani. Mji wa Ketchikan kule Alaska nao unajiita hivyo hivyo, na sijasikia kama wamewahi kupatana. Mlango wa bahari uliopo mbele yake umekingwa na visiwa, hivyo mawimbi si makubwa, ingawa mikondo ina nguvu sana. Kaskazini kidogo ya mji palikuwa na mwamba chini ya maji uliozamisha vyombo vingi, hata serikali ikaulipua tarehe 5 Aprili 1958.

Lililotuamulia ni hili: kuna gati la kuvulia lililojengwa mwaka 1987, ambapo mtu yeyote mwenye leseni anaweza kusimama na kuvua bila kupanda chombo chochote. Mama mwenye kichanga anaweza kuvua. Bibi mwenye magoti mabovu anaweza kuvua. Tukakubaliana siku nne katikati ya Agosti, nyumba ya kupanga yenye jiko, na gharama ikawa chini ya theluthi moja ya ile ya kwanza. Wenzake wa kazini walikwenda zao kaskazini, naye aliwaaga bila kinyongo, au labda na kinyongo kidogo.

SAFARI YENYEWE

Tuliondoka Horseshoe Bay kwa kivuko kikubwa kinachomeza mamia ya magari. Safari mpaka Nanaimo ni saa moja na dakika arobaini. Nilikumbuka kivuko chetu cha kwenda Ukerewe, mizigo, kuku na watoto. Huku watu wamekaa kimya na kahawa zao. Kutoka Nanaimo ni kilometa 150 hivi kwa gari. Kushoto milima yenye misitu mizito, kulia bahari, na ng'ambo yake milima mingine yenye theluji mwezi wa nane.

Asubuhi ya kwanza tulikwenda gatini, familia nzima, kichanga amefungwa mgongoni kwa kitenge. Wazee wa pale walitusogezea nafasi. Mpwa wangu wa kike, mwenye miaka tisa, alimnasa samoni wa pinki, aina iliyo ndogo kuliko zote tano, nasi tulishangilia mpaka watu wakageuka. Mzee mmoja alileta wavu mkubwa wa kumpandishia samaki bila kuombwa. Nikasema moyoni, hata huku wavuvi ni ndugu.

Mchana tulitembelea kituo cha kutotolea vifaranga vya samaki kwenye mto Quinsam, ambacho kimefanya kazi tangu mwaka 1974. Tuliona samoni wa pinki wakipanda mto, migongo yao juu ya maji, wengine wamechubuka ngozi. Mdogo wangu alisimama pale muda mrefu. "Dada," akasema, "huyu anajua kwao." Sikumjibu. Amekaa ugenini miaka kumi na moja, na hakuwepo tulipomzika mama. Nilimshika mkono tukaendelea kutazama.

Hapo hapo mjini aliishi hakimu mmoja, Roderick Haig-Brown, aliyefariki mwaka 1976. Aliandika vitabu vingi juu ya samaki na mito, akaipigania mito isiharibiwe. Lakini mimi nilivutiwa zaidi na mkewe, Ann. Huyo mama aliwafungulia mlango wa nyumba yake wanawake waliokuwa wakipigwa na waume zao. Leo nyumba ya kuwahifadhi wanawake wa namna hiyo mjini pale inaitwa kwa jina lake. Nilifurahi kwamba mji unaosifiwa kwa samaki umekumbuka pia mlango wa mama.

JIONI YA PILI

Kwenye mdomo wa mto wa Campbell River kuna utaratibu wa pekee. Chama cha wavuvi kiitwacho Tyee Club kilianzishwa mwaka 1924. Tyee ni neno la wenyeji wa pwani ile lenye maana ya chifu, na ndilo jina la chinook mwenye ratili 30 au zaidi, yaani kilo kumi na tatu na nusu. Anayetaka kuwa mwanachama ni lazima amnase samaki wa uzito huo kwa masharti magumu. Mashua iendeshwe kwa makasia, bila injini. Chambo kiwe bandia. Ndoana iwe moja tu, isiyo na kijino cha kumzuia samaki asichomoke. Mshipi usiwe na nguvu kupita ratili 20. Msimu wake huanza Julai 15 na kwisha Septemba 15. Ukimnasa, umemshinda kwa haki. Asiponaswa, naye amekushinda kwa haki.

Shemeji alipoliona jambo la makasia, uso ulimng'aa. Hiyo ndiyo lugha ya baba yake. Walikwenda yeye na mwanawe, pamoja na mpiga makasia mwenyeji, jua likielekea kuzama. Sisi wanawake tulibaki ufukweni tukiona mashua ndogo kadhaa zikizunguka polepole. Yaliyotokea huko waliyasimulia wenyewe, kila mmoja kwa namna yake.

Fimbo alikuwa ameishika kijana. Saa nzima hapakuwa na kitu. Baba alikuwa akinyoosha mkono amwombe ampokee, mara fimbo ikapinda mpaka majini. Mshipi ukatoka kwa kelele, samaki akakimbilia maji marefu. Mpiga makasia akageuza chombo haraka, kuwatoka wenzao. Baba alipiga kelele kwa Kiswahili, "Mwachie! Mwachie aende!" na mara hiyo hiyo, "Usimwachie!" Kijana hakujua lipi ashike. Samaki akaruka mara moja nje ya maji. Mpiga makasia alikadiria kwamba alizidi ratili 30 kwa mbali. Kisha akageuka kuwafuata, mshipi ukalegea, ndoana ikachomoka.

Kijana aliniambia baadaye, "Mama mkubwa, nilifunga macho. Nilijua baba ataanza." Na baba aliniambia, "Shemeji, maneno yalikuwa yamefika hapa," akagusa koo. Alitaka kumwambia kwamba angempa fimbo mapema. Alitaka kumwambia ni pesa ngapi zimepotea. Lakini alipomtazama mtoto aliona mabega yake yamepanda juu namna mtu anavyongoja kupigwa, naye alikumbuka siku alipoachia kamba ya wavu ziwani, akiwa na umri ule ule, na samaki wa usiku mzima wakapotea. Baba yake alicheka, akasema, "Hao wamekwenda kuwaambia wenzao kwamba tupo."

Basi shemeji akamwambia mwanawe maneno hayo hayo. Kisha akalia, ndani ya mashua, mbele ya mgeni. Mpiga makasia aligeuza uso akaendelea kupiga makasia taratibu. Mtoto, ambaye hakuwahi kumwona baba yake akilia, akamuuliza, "Babu alikuwaje?"

Walirudi giza limeingia, mikono mitupu, wanaongea. Waliongea wakila. Waliongea hata sisi tulipokwenda kulala, na ilipofika saa sita usiku mdogo wangu alinigonga ubavuni akanong'ona, "Dada, unasikia? Bado."

Hawakumpata samaki yule, wala mwingine wa ukubwa huo. Shemeji si mwanachama wa chama chochote. Tulirudi na samoni wadogo watatu wa gatini.

MASHAURI MACHACHE

Kwa mama ambaye familia yake iko ughaibuni, au inayepanga safari ya uvuvi popote pale:

1. Anza na sheria. Kanada kila anayevua samoni baharini awe na leseni, hata mtoto, ingawa ya mtoto chini ya miaka 16 hailipiwi. Kanuni hubadilika kila mwaka, na hata katikati ya msimu eneo laweza kufungwa. Hakikisheni kabla ya kulipa chochote.

2. Ulizeni kila mtu atafanya nini siku ambayo samaki hakupatikana. Mahali pasipo na jibu si pa familia.

3. Jaketi la kuokolea livaliwe tangu nchi kavu mpaka nchi kavu. Maji ya pwani ile ni baridi sana hata kiangazi, na baridi hulegeza misuli ya mtu hodari kwa dakika chache.

4. Anayechafukwa na chombo ameze dawa ya kichefuchefu kabla ya kupanda, kwani akishaanza kutapika dawa haikai tumboni. Mjamzito na anayenyonyesha aulize kwanza kwa daktari.

5. Ndoana ikizama katika ngozi usiivute kwa nguvu. Karibu na jicho usiiguse kabisa, peleka mtu hospitali.

6. Samoni wa baharini asiliwe mbichi bila kugandishwa kwanza, kwa sababu anaweza kuwa na minyoo. Kumpika mpaka nyama iachane kwa uma kunatosha. Mafuta yake ni mazuri kwa moyo. Lakini usimwonee haya dagaa wako, naye anayo.

7. Kama kuna neno la kumwambia mume au shemeji, lisisemwe mbele ya watoto wake. Hili nimelisoma kwa kulipia.

Katika Injili ya Yohana sura ya 21 tunaambiwa wanafunzi walivua samaki wakubwa 153. Kila mhubiri hupenda hesabu hiyo. Mimi tangu Agosti ile napenda zaidi jambo linalotangulia. Walipofika ufukweni walikuta moto umekwisha washwa, samaki wako juu yake na mkate upo, na Bwana akiwaita waje kula. Walikuwa wametoka katika msiba, mmoja wao alikuwa amemkana, na bado hakuna aliyeomba radhi. Aliwalisha kwanza.

Simu ya mwisho niliyopigiwa na mdogo wangu, aliniambia baba na mwana wanapanga kwenda Ukerewe kulitembelea kaburi la mzee. Kijana ameuliza kama mtumbwi wa babu bado upo. Upo, nimekwenda kuutazama. Unahitaji ubao mmoja mpya upande wa kushoto, nami nimeshamwambia fundi.